Mtoto anayejificha uwanjani: chandimu, akademi, timu ya shule au netiboli?

Mwezi wa sita, shule zikiwa zimefungwa, dogo mmoja wa miaka 11 alimnyang'anya mpira kijana aliyemzidi kimo na miaka miwili, pale kwenye kiwanja chetu cha vumbi huku Temeke. Aliunyang'anya vizuri tu, mguu ukaingia kwenye mpira bila kugusa kifundo cha mtu. Kisha akasimama, akasema "samahani kaka", akausukuma mpira taratibu kwa ndani ya mguu, akamrudishia mwenyewe.

Kiwanja kizima kiliangua kicheko. Hata mimi mwenye filimbi nilicheka, na nikajuta papo hapo, maana dogo aliinamisha kichwa na kwa dakika 20 zilizobaki hakugusa kitu. Alikimbia sana, ila kila mara alikimbilia pale ambapo mpira haupo. Ukikaa na watoto miaka mingi unaujua ule mkimbio. Anajificha nyuma ya beki huku akijifanya anatafuta nafasi.

Mama yake alinisubiri tulipomaliza. "Kocha, huyu nyumbani anaongea kama redio. Akija hapa anakuwa bubu. Nimpeleke akademi? Au nimwache acheze na wenzake mtaani? Mwalimu wake wa shule naye anamtaka." Nilimjibu tukiwa tumesimama, kwa haraka. Hapa nitajibu kwa nafasi.

Pembeni ya viwanja vyetu neno linalopigiwa kelele kuliko yote ni "Jiamini!" Mzazi analisema, kocha analisema, hata muuza karanga analisema. Albert Bandura, mwanasaikolojia aliyeandika sana juu ya jambo hili tangu 1977, alitaja njia nne zinazomfanya mtu aamini kwamba jambo analiweza. Iliyo na nguvu kuliko zote ni kulifanya mwenyewe likafanikiwa. Nyingine ni kumwona mtu anayefanana na wewe akilifanya, kuambiwa na mtu unayemwamini kwamba unaweza, na namna unavyoelewa hali ya mwili wako, kama moyo kwenda mbio au mikono kutoka jasho. Kwa hiyo "Jiamini!" imo kwenye orodha, lakini peke yake haifui dafu kwa mtoto ambaye tangu asubuhi hajagusa mpira mara tatu.

Ndiyo maana nikilinganisha sehemu za kumpeleka mtoto nauliza mambo matatu. Atagusa mpira mara ngapi? Akikosea, sekunde tano zinazofuata zinakuwaje? Na nani anaamua: yeye, au mtu aliyesimama nje ya mstari?

Chandimu

Kwa swali la kwanza, chandimu, ile soka ya mtaani, haina mpinzani. Wanne kwa wanne, magoli ya ndala, mpira wa soksi na nailoni uliokazwa kwa kamba. Kona tatu penalti. Siku moja nilikaa na kijitabu nikamhesabia winga wangu mmoja mkimya. Katika mechi ya 11 kwa 11 ya nusu saa aligusa mpira mara sita, na mbili kati ya hizo alikuwa anarusha. Jioni ileile nikamkuta uchochoroni kwao wakicheza wanne wanne, nikaanza kuhesabu upya. Nilipofika 40 nikaacha, kulikuwa hakujapita hata robo saa.

Wenye pesa zao wamelijua hili. Uingereza watoto wadogo wanacheza kwenye timu ndogo, kama watano kwa watano, wanapanda hadi saba kwa saba, kisha tisa kwa tisa, na 11 kwa 11 inawangoja hadi wakue. Ujerumani tangu msimu wa 2024/25 wale wadogo kabisa wamewekwa wawili kwa wawili au watatu kwa watatu, kwenye magoli madogo. Huku kwetu unakuta vitoto 22 vya miaka minane vimetupwa kwenye uwanja wa watu wazima, kipa hata mwamba wa juu haufikii, na tunashangaa kwa nini nusu yao wanachuma majani.

Chandimu ina zawadi nyingine ambayo haisemwi. Haina mwamuzi. Ukichezewa faulo lazima useme mwenyewe, ubishe, usimame mbele ya mpira uukanyage hadi wakubali. Mtoto anayetaka kujifunza kudai haki yake hatapata darasa la bure kama lile.

Sasa ubaya wake. Mtaani timu zinapatikana kwa kuchaguana, na anayebaki wa mwisho kila jioni anajua bei yake. Mwoga anaambiwa "wewe dogo kaa golini", na golini ndipo anapobaki mwaka mzima. Akipigwa tobo, mtaa utamkumbusha wiki nzima, hadi dukani akitumwa chumvi. Wapo wanaopata sugu kwa njia hiyo na wapo wanaoacha kabisa, na tofauti yao mara nyingi ni kama ana kaka, binamu au rafiki mmoja wa kumwambia "twende, leo wewe upande wangu". Watu wa Mbagala watakutajia Mbwana Samatta: African Lyon, Simba, TP Mazembe 2011, kisha Genk alikofunga mabao 23 ya ligi msimu wa 2018/19. Haki yao kumtaja. Ila wale walioachia njiani kwa sababu ya kuzomewa hakuna anayewahesabu.

Na kwa watoto wa kike mlango wa chandimu hufungwa mapema. Akifika darasa la tano au la sita anaanza kuambiwa anacheza kiume, na saa ya mpira ndiyo saa ya kuchota maji na kuosha vyombo.

Akademi ya kulipia

Unachonunua kwenye akademi nzuri ni mpangilio. Watoto wa rika moja, mipira mingi, bibu, koni, mwalimu aliyesomea kazi. Mtoto anayeogopa wakubwa anapumua. Mwalimu akijua kazi yake atampa zoezi analoliweza, kisha gumu kidogo, kisha gumu zaidi, na ile njia ya kwanza ya Bandura itafanya kazi bila mtu kupiga kelele.

Tatizo ni kwamba akademi nyingine zinaendeshwa kwa rimoti. Kaa pembeni usikilize: "Geuka! Toa! Rudi! Piga! Mtu mgongoni! Nimekwambia toa!" Mtoto anayesikia hivyo saa nzima anazoea kungoja sauti. Ukimtoa pale ukamweka kwenye mechi yenye kelele, asiposikia cha kufanya anasimama na mpira hadi anyang'anywe. Kwa mtoto jasiri rimoti ni kero tu. Kwa mwoga ni kichaka kizuri cha kujificha, kwa sababu makosa yote sasa ni ya aliyemwagiza.

Halafu zile sekunde tano baada ya kosa. Hapa nikiri langu. Miaka yangu ya mwanzo, aliyepoteza mpira katikati ya uwanja niliruka naye kichurachura, yaani yeye akiruka mimi nikihesabu. Nilidhani natengeneza umakini. Baada ya wiki tatu nikawa na timu ambayo kila mtu akipata mpira anabutua mbele, hata akiwa peke yake na uwanja mtupu. Hawakuwa wajinga. Kubutua hakukuwa na kichurachura, kupiga chenga kulikuwa nacho, wakapiga hesabu.

Marekani, Ronald Smith na Frank Smoll wa Chuo Kikuu cha Washington waliwafundisha makocha wa besiboli ya watoto jambo linaloonekana dogo: sifia juhudi, mtoto akikosea mtie moyo kisha mwelekeze la kufanya, usimwadhibu. Katika utafiti mmoja uliochapishwa 1992, mwaka uliofuata watoto walioacha mchezo kwa makocha waliofundishwa walikuwa asilimia 5. Kwa makocha wa kawaida walikuwa asilimia 26. Besiboli hatuchezi, lakini mtoto ni mtoto.

Kwa hiyo usiangalie rangi ya jezi wala picha za ukutani. Nenda siku moja bila mtoto wako, chagua mtoto mmoja dhaifu, mfuate kwa macho. Akipoteza mpira, kocha anasema nini? Wenzake wanafanya nini? Yeye mwenyewe anaangalia wapi? Mtoto aliyeharibiwa ukimwangalia utaona anageuza shingo kumtafuta kocha kabla hata hajautafuta mpira. Ukiona shingo tatu zinageuka hivyo ndani ya dakika kumi, beba mkoba wako.

Kuna gharama nyingine mbali na ada, nauli na njumu. Ni ile sentensi ya kwenye daladala mkirudi: "Nimekulipia hela yote hii, na wewe unasimama tu." Mtoto mwoga ataibeba hadi mazoezi yanayofuata, ataingia uwanjani akiwa na deni.

Timu ya shule

Hapa sitakaa sana. Kuna mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi, UMISSETA kwa sekondari: unaanzia shuleni, unapanda kata, wilaya, mkoa, hadi taifa. Uzuri wake ni heshima. Mtoto ambaye darasani haitwi kwa lolote anaitwa "mchezaji wa shule", na hilo linanyoosha mgongo kuliko hotuba. Uzuri wa pili ni kwamba kuna riadha, wavu, mpira wa mikono. Wapo watoto ambao tatizo lao ni mpira wa miguu wenyewe, ukiwapa mbio za mita 800 wanakuwa simba.

Ubaya ni muda. Mwalimu wa michezo ana wiki chache za kuunda timu ya kushinda, kwa hiyo atawapanga walio tayari. Mwoga atabeba maji. Na msimu ukikaribia wanaibuka mamluki wenye ndevu, ghafla mtoto wako wa darasa la sita anamkaba mtu wa kidato cha tatu. Kama anacheza, mwache acheze. Kama anakaa benchi, usiifanye hiyo kuwa shule yake pekee ya ujasiri.

Netiboli, ambayo wazazi wa wavulana hawaitaji na wa wasichana hawaithamini

Nikiulizwa mchezo gani unamtoa mtoto mafichoni haraka, hasa binti, nasema netiboli kabla ya soka. Sababu imo kwenye sheria zenyewe.

Soka inakuruhusu kujificha. Unaweza kucheza dakika 60 ukiwa sehemu ambayo mpira haufiki, na mtu wa nje akakusifu kwa kukimbia. Netiboli inakuzuia. Mko saba, kila mmoja ana herufi kifuani na eneo lake, na mwingine haruhusiwi kuingia popote anapotaka kukufanyia kazi yako. Ukiupata mpira huwezi kukimbia nao, na una sekunde tatu tu za kuutoa. Anayekukaba lazima awe umbali wa sentimita 90 kutoka ulipokanyaga, kwa hiyo una kihewa cha kupumua na kuangalia. Wenye haki ya kufunga ni wawili tu, wale wenye herufi GS na GA. Mpira ukifika kwa binti mwoga mwenye herufi hizo, timu nzima inamwangalia yeye, na hawezi kumrushia kiungo amsaidie kufunga.

Nilimwona binti wa namna hiyo kwenye uwanja wa shule moja jirani. Pasi ya kwanza ilimfikia akairudisha nje ya duara. Ya pili akairudisha. Ya tatu C wake, yaani mchezaji wa kati, mfupi, mkali, alimrushia na kusema bila kupaza sauti, "Hii ya kwako, mimi siruhusiwi." Akarusha, ikagonga chuma, ikatoka. Hakuna aliyecheka, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa mahali pake. Akarusha tena kabla ya mapumziko, ikaingia.

Kwa kipimo changu, miguso ni mingi kwa sababu ya zile sekunde tatu, na uamuzi ni wake kila mara. Kinachokosekana ni mgongano wa miili. Mtoto ambaye woga wake ni wa kugongwa hatautibu kwa netiboli, atauepuka. Huyo anahitaji mpira wa miguu au wa mikono, na kocha wa kumfundisha kuweka bega na kuanguka bila kuumia. Asilimia kubwa ya "uoga" ninaouona kwa wavulana wembamba ni huu wa mwili, na unaondoka mtoto akijua la kufanya na bega lake.

Acheze na wakubwa au arudi kwa wadogo?

Hili linakata sehemu zote nne. Wazazi wengi wanapenda kumpandisha mtoto rika "azoee". Kwa jasiri aliyechoka kushinda kirahisi, sawa. Kwa mwoga nafanya kinyume kwanza: namshusha, siku mbili kwa wiki na wadogo, moja na wenzake. Akiwa na wadogo anakuwa yeye wa kudai mpira, yeye wa kupiga kona, yeye wa kupiga penalti, na mwili wake unaonja mambo ambayo kwa wenzake hana nafasi ya kuyaonja.

Tena angalia cheti cha kuzaliwa kabla hujamwita mtoto mwoga. Mashindano mengi yanakata umri tarehe 1 Januari, kwa hiyo wa Januari na wa Desemba wanahesabiwa rika moja huku mmoja amemtangulia mwenzake karibu mwaka mzima wa kula ugali. Huko Uingereza akademi za klabu za Ligi Kuu zimejaribu kupanga watoto kwa ukuaji wa mwili badala ya tarehe. Samatta niliyemtaja, kwa taarifa yako, ni wa Desemba 1992.

Lile la adabu

Kuna jambo la kwetu ambalo vitabu vya wenzetu haviligusi. Mtoto tumemfundisha miaka kumi asimtazame mkubwa usoni, asidai, apokee kwa mikono miwili, aseme shikamoo. Vizuri. Kisha tunamwingiza uwanjani na kumwambia amnyang'anye kaka yake mpira na kumpigia kelele "Nipe!" Yule dogo wa "samahani kaka" hakuwa mwoga kama tulivyodhani. Alikuwa mtiifu.

Kwangu sheria iko hivi: shikamoo kabla ya filimbi na baada ya filimbi, katikati hakuna. Naisema wazi mbele ya wakubwa, ili wadogo wasikie wakubwa wakikubali. Kuna pia mchezo wa nusu saa ambao pasi haitolewi kwa mtu asiyeita kwa sauti. Siku ya kwanza utasikia minong'ono kama ya msibani. Uvumilie.

Na kuna la kuazima Mathare, Nairobi. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza 1987, iliziwekea timu za watoto pointi za kusafisha mtaa pamoja na pointi za mechi, na ikawaachia vijana wenyewe sehemu kubwa ya uongozi. Timu iliyotoka humo, Mathare United, ilichukua ubingwa wa Kenya 2008. Nilichokiazima mimi ni kidogo: namkabidhi mtoto mkimya filimbi ya mechi ya wadogo zake. Huwezi kutoa faulo kwa kunong'ona.

Basi nani aende wapi

Anayeogopa kukosea mbele za watu: akademi yenye kocha mpole, au kikundi kidogo cha marafiki wanne nyuma ya nyumba, kabla ya mashindano yoyote. Anayeogopa kugongwa: watoto wa umbo lake, na mtu wa kumfundisha mwili. Anayejificha tu kwa mazoea: chandimu, au netiboli ikiwa shule ina uwanja. Mtiifu kupita kiasi: mpe filimbi. Kama pesa ya akademi inaiumiza nyumba, usiitoe, deni lile mtoto atalisikia. Na popote utakapompeleka, mpe miezi mitatu kabla ya kumhamisha, na kwenye daladala ongeeni habari za mihogo.

Yule dogo hatukumpeleka popote. Mama aliamua abaki, nami nikamshusha kwa wadogo Jumanne na Alhamisi, na filimbi nikampa Jumamosi. Wiki ya kwanza alipuliza kama anapoza uji. Juzi, mwezi wa tisa, alimnyang'anya mpira kijana yuleyule, pale pale karibu na mwembe. Alisema tena "samahani kaka". Ila alilisema akiwa ameshampita, anakimbia, na mpira anao.